Huyu "Mpigapicha Wetu" Hana Jina?

Ndugu zanguni, nimekuwa kimya siku nyingi, na wanaonifahamu wanajua kuwa nikinyamaza ama naumwa ama nina hasira. Siumwi.

Fungua gazeti lolote ulilo nalo mezani. Usisome habari, tazama picha tu. Ukurasa wa mbele kiongozi anakata utepe, pembeni yake watu saba wanapiga makofi, na wa nane kaonekana sikio. Ukurasa wa tatu meneja wa kampuni anakabidhi mfano wa hundi, kubwa kama mlango. Ukurasa wa tano mgeni rasmi yuko katika picha ya pamoja na washiriki wa semina. Sasa shuka chini, kwenye yale maandishi madogo. Utasoma: Picha na Mpigapicha Wetu. Au, kama siku hiyo uvivu umezidi: Picha ya Maktaba.

Huyu Maktaba ndiye mpigapicha mwenye kazi nyingi kuliko wote nchini. Alikuwepo kwenye ajali ya basi, alikuwepo bungeni, alikuwepo kwenye mafuriko, alikuwepo kwenye harusi ya mwanamuziki. Na hakuna aliyewahi kumwona akipanda daladala!

Nasema hivi, na nasema bila kumung'unya maneno. Chumba cha habari kinachomwita mtu "Mpigapicha Wetu" kimeshaamua kwamba mtu huyo hana kichwa, ana kidole cha kubonyezea tu. Ukishaamua hivyo huna tena sababu ya kumwuliza kitu gani kinamvuta, anatafuta nini, anataka picha zake zifanye kazi gani hapa duniani. Mwandishi akirudi kazini anaulizwa ana hoja gani. Mpigapicha akirudi anaulizwa amepata ngapi. Na hasara ya kutomwuliza inawaangukia watu wasiojua hata gazeti letu linauzwa shilingi ngapi. Nitawaeleza ilivyotokea. Na mimi mwenyewe nimo kwenye orodha ya walioharibu.

Kuna mwenzangu kazini ambaye hapa nitamwita hivyo hivyo, Mpigapicha Wetu, kwa kuwa ndilo jina alilopewa. Ni kaka yangu kwa umri, amenizidi kama miaka kumi. Tumepangiwa kazi pamoja mara nyingi, na kwa kuwa gari la ofisi lina wenyewe, mazungumzo yetu mengi yamefanyika kwenye daladala, yeye kakumbatia begi la kamera kama mama aliyebeba mtoto. Humo ndimo nilimwuliza siku moja, kwa kupoteza muda tu, nini kilimwingiza kwenye kazi hii. Niliuliza kwa mzaha. Yeye alijibu kuanzia Mwenge hadi Posta.

Alianzia studio ya mjomba wake, Morogoro. Zile studio mnazikumbuka: ukutani pazia limechorwa mnazi, ndege ya abiria na maporomoko ya maji, vyote mahali pamoja. Kwenye msumari imetundikwa koti moja na tai moja, vya wateja wote. Kazi ya mpwa ilikuwa kufagia, kushika taa na kuwafuta wateja jasho usoni. Anasema mjomba hakuwa anagusa kamera kabla ya kumwuliza mteja swali moja: "Picha hii unampelekea nani?" Mteja akisema anampelekea mama yake kijijini, anakalishwa ametulia, viatu vinaonekana, ili mama ajue mwanawe hatembei pekupeku mjini. Akisema ni ya mchumba, kidevu kinainuliwa kidogo. Akisema ni ya kitambulisho, hapo hakuna mchezo. Pazia lilikuwa lile lile na koti lile lile, ila kila picha ilikuwa na mtu wake.

Mama yake mwenyewe alikuwa anauza vitumbua. Alifariki mwanawe akiwa sekondari, na picha pekee iliyobaki ni ya studio, kavaa gauni la kuazima, mikono kaificha nyuma. Aliificha kwa sababu ilikuwa na madoa ya kuungua na mafuta. Mpigapicha Wetu aliniambia: "Mikono ile ndiyo iliyonilisha, na ndiyo sina picha yake." Tangu hapo anatafuta mikono. Siku zake za mapumziko anazitumia kupiga mikono ya watu kazini: wapaa samaki wa Feri, mafundi cherehani wa Kariakoo, wafuma nyavu wa Msasani. Ana daftari lenye majina yao. Lengo lake ni kitabu, na kwenye kila ukurasa liwepo jina la mwenye mikono, kazi yake, na mtu ambaye angependa picha ile imfikie. Swali la mjomba lile lile.

Sasa niambieni, huyu ni kidole?

Katika pitapita zake akaenda Kunduchi, kwenye machimbo ya kokoto, ambako akina mama hukaa chini na nyundo na kuponda mawe tangu asubuhi. Alikwenda zaidi ya mara moja bila kufungua begi, anasalimia na kukaa. Halafu akaanza kupiga, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likiwa bado limelala. Nilipomwuliza kwa nini alfajiri hiyo alinipa darasa. Mawe ya pale ni meupe na vumbi lake ni jeupe. Jua likifika utosini kila kitu kinarudisha mwanga. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera kikiona weupe mwingi kinadhani mwanga umezidi, kinapunguza, na uso wa mtu mweusi unageuka kivuli. Ukiiachia kamera iamue, inakuletea mawe mazuri sana na binadamu asiyeonekana. Inabidi uikatalie. Upime mwanga wa uso, uyaache mawe yaungue.

Mimi na shahada yangu sikuwa najua hilo. Na nina hakika hakuna aliyemwuliza kwenye kikao chochote cha asubuhi.

Akapata picha kumi na moja, za akina mama kumi na mmoja. Bora kuliko zote ilikuwa ya mama wa makamo aliyekaa kwenye kivuli cha gunia lililofungwa kwenye miti, nyundo mapajani, rundo la kokoto mbele yake, na kiganja cha kulia amekifungua kuelekea kwenye kamera. Mpigapicha Wetu hakumwambia afungue. Mama mwenyewe alisema: "Piga hiki, mwanangu. Hiki ndicho kimesomesha." Kiganja kimepasuka kama udongo wa kiangazi.

Akazipeleka kwa mhariri. Nilikuwa meza ya pili, nilisikia yote.

"Hili tukio gani?"

"Hakuna tukio, bosi. Ndiyo kazi yao ya kila siku."

"Mgeni rasmi alikuwa nani?"

"Hakuwepo."

"Sasa chini yake tutaandika nini?"

"Majina yao ninayo, yote kumi na moja."

"Haya, weka maktaba."

Miezi mitatu baadaye niliandika habari kuhusu ombaomba wa katikati ya jiji. Habari ya kawaida kabisa, ya kujaza ukurasa. Sikwenda na mpigapicha kwa sababu niliiandika kwa simu. Saa moja usiku aliyekuwa anapanga kurasa akauliza picha iko wapi. Nikasema tafuta maktaba. Hayo ndiyo maneno yangu, tafuta maktaba, nikavaa koti nikaenda zangu nyumbani.

Asubuhi gazeti likatoka. Habari yangu, jina langu kwa herufi nzito, na picha ya yule mama. Ila nafasi ilikuwa ndogo, kwa hiyo picha ilikatwa. Walikata chini, nyundo ikaondoka na kokoto zikaondoka. Kilichobaki ni mwanamke amekaa chini na kiganja wazi. Maelezo yakasema ni mmoja wa ombaomba jijini akiomba msaada kwa wapita njia. Picha ya Maktaba.

Siku ya tatu mama akaja mapokezi, na mtoto wake wa mwisho kashika gazeti. Waliloliona kwanza ni wenzake wa VICOBA. Walikuwa wamepanga kumpa mkopo mwezi ule, wakaitisha kikao, wakamwuliza kama ni kweli akiaga anakwenda kwenye mawe huwa anakwenda mjini kuomba. Mtu aliyeponda mawe miaka yote, akasomesha, anasimamishwa mbele ya wenzake aeleze kwa nini ni ombaomba. Mlinzi akatuita mimi na Mpigapicha Wetu. Nilijiandaa kutukanwa. Mama hakututukana. Aliweka gazeti juu ya kaunta, akalilaza vizuri kwa ule ule mkono, akauliza: "Wanangu, nyundo yangu mmeipeleka wapi?"

Nimehojiwa na maprofesa wakati natetea utafiti wangu chuoni. Sijawahi kukutana na swali gumu kama lile.

Mpigapicha Wetu alifungua begi akatoa daftari. Jina la mama lilikuwemo, la mtaa wake, na siku ya picha. Akamwonyesha mhariri pia. "Nilikuwa nayo. Hakuna aliyeniuliza." Kesho yake gazeti likaomba radhi, mistari miwili ukurasa wa ndani: picha iliyotumika katika habari fulani haikuhusiana na habari hiyo. Jina la mama halikutajwa, la mpigapicha halikutajwa, la nyundo ndiyo kabisa. Radhi kwa nani? Wenzake wa VICOBA watajuaje kwamba anayeombwa radhi ni yeye?

Ndani ya mfuniko wa begi lile kuna picha ameibandika kwa selotepu, imekatwa kwenye jarida kuukuu. Wavulana watatu weusi, uchi, migongo kwetu, wanakimbilia kwenye maji, miili yao myeusi kwenye povu jeupe. Nilikuwa nadhani ni pambo. Baada ya mkasa wa nyundo nilimwuliza. Akanisimulia, na mimi nikaenda kujisomea.

Picha ile ilipigwa kwenye mwaka 1930 na Martin Munkácsi, raia wa Hungaria aliyekuwa akipiga picha za magazeti ya Ujerumani. Mapema katika miaka ya 1930 ikaonwa na kijana wa Kifaransa, Henri Cartier-Bresson, aliyesomea uchoraji, na ambaye alikuwa amerudi kutoka Ivory Coast akiwa mgonjwa nusura afe. Mpaka uzeeni alikuwa akisema kwamba ni picha hiyo iliyomsukuma. Akanunua kamera ndogo ya Leica akaingia mitaani. Mwaka 1947 yeye na wenzake wakaanzisha Magnum, ushirika wa wapigapicha ambao msingi wake ulikuwa huu: picha ni mali ya aliyeipiga, na si ya jarida lililomtuma. Wazungu hawa walijua tangu wakati ule kwamba ukimnyang'anya mpigapicha picha yake umemnyang'anya na haki ya kusema ina maana gani.

Lakini subirini. Wale wavulana ni wa wapi? Vitabu vingi vimeandika ni Ziwa Tanganyika. Vingine vinasema hapana, ni Liberia. Yaani kutoka ziwa letu hadi bahari ya Afrika Magharibi, bara zima katikati! Majina yao ndiyo usiulize. Kamera ya Mfaransa tunaijua, mji alikoinunua tunaujua, ni Marseille, na mwaka tunaujua, ni 1932. Ila wavulana ambao migongo yao iliwasha moto katika upigaji picha wa karne ya 20, hatuna hakika walikuwa wanakimbilia maji gani. Kosa la maelezo ya picha halifi, ndugu zangu. Hilo lina miaka tisini na zaidi na bado linatembea. Mpigapicha Wetu anaipenda picha ile kuliko zote, na anasema kila akifungua begi anatamani angekuwepo awaulize: picha hii tuwapelekee akina nani?

Moto ule haukuishia Ulaya. Afrika Kusini alikuwepo kijana anaitwa Ernest Cole, mzaliwa wa 1940. Alikutana na kitabu cha Cartier-Bresson cha picha za watu wa Moscow, akaona kinachowezekana: kwamba unaweza kuichukua nchi nzima kwa kuwatazama watu wake wa kawaida wakiishi. Lengo lake likawa moja, kuonyesha maisha ya mtu mweusi chini ya ubaguzi wa rangi kutoka ndani. Ili aweze kutembea akabadili jina, kutoka Kole kwenda Cole, akaorodheshwa kuwa chotara, kwa sababu chotara hakubanwa na sheria za pasi kama mweusi. Migodini aliingiza kamera kwa kuificha kwenye mfuko wa chakula. Mwaka 1966 akatoroka na picha zake, na mwaka 1967 kikatoka kitabu chake, House of Bondage. Serikali ya makaburu ikakipiga marufuku. Alifia New York Februari 1990, fukara, siku chache baada ya Mandela kutoka gerezani. Mwaka 2017 maelfu kwa maelfu ya filamu zake yakakutwa benki nchini Sweden.

Tazameni mnyororo huo: wavulana watatu wasio na jina, Mhungaria, Mfaransa, kijana wa Pretoria, na leo begi kwenye daladala la Mwenge. Kila mmoja aliona picha ya mwenzake, akaamua nini atafute. Hiyo ndiyo kazi ya kichwa. Cole angekuwa "Mpigapicha Wetu" angepelekwa kwenye ufunguzi wa mgodi, apige picha ya utepe.

Mtasema natafuta mifano ya mbali. Haya, tuje nyumbani. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, lakini akakulia na kusoma Dar es Salaam. Hapa hapa ndipo alipoanza, mvulana wa shule na kamera kuukuu, na hapa hapa mwaka 1963 ndipo alipofungua kampuni yake ya Camerapix, kabla ya kuhamia Nairobi. Oktoba 1984 picha zake za njaa ya Korem, Ethiopia, zilirushwa na BBC pamoja na ripoti ya Michael Buerk, na dunia ikasimama. Zikazaa nyimbo, zikazaa tamasha la Live Aid la Julai 13, 1985, na misaada ikamiminika. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ukamkata mkono wa kushoto, akarudi kazini na mkono wa bandia. Akafa Novemba 23, 1996 katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Comoro.

Sasa mwulizeni mtu yeyote Mohamed Amin alipiga nini. Atasema njaa. Basi. Lakini mtu huyu alitoa kitabu cha hija ya Makka mwaka 1978, akatoa cha Kenya mwaka 1982, na vingine vingi vya watu wanaofanya kazi, wanaosafiri, wanaoabudu. Malengo yake yalikuwa mapana. Dunia ikachagua kubaki na mkono mmoja ulionyooshwa. Simlaumu, picha zile ziliokoa watu. Ila jicho limezoea. Limezoea kiasi kwamba yule mpanga kurasa wetu, kijana mwema kabisa, Mwafrika mwenzangu, alipoona kiganja cheusi kimefunguliwa hakufikiria kazi. Alifikiria kuomba. Nyundo ilikuwepo palepale kwenye picha, yeye akaiona kama kitu kinachojaza nafasi.

Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia kwamba malengo ya mpigapicha ni mambo ya wasanii, na picha ya habari haihitaji hayo. Picha ya mama ilikuwa na lengo, kuonyesha mkono unaofanya kazi. Tulipolitupa lengo la aliyeipiga, picha haikubaki tupu. Iliingiwa na lengo la mtu mwingine.

Wapo wanaosema mpigapicha analipwa mshahara, picha ni ya kampuni, jina la nini? Mimi nalipwa mshahara pia na habari yangu inatoka na jina langu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ile iliyoleta COSOTA, inaitambua picha kuwa kazi ya ubunifu, na inampa aliyeibuni haki ya kutambuliwa kuwa ni yake. Kampuni kumiliki picha ni jambo moja, kumfuta aliyeipiga ni jingine.

Wapo wanaosema wasomaji hawajali. Wasomaji wale wale ambao tangu simu zilipoingia kamera wanapiga picha kutwa, na ukichukua ya mmoja ukaitumia bila kumtaja anakuwakia? Hao hawajali?

Na wapo, wengi wao wapigapicha, wanaosema wapigapicha wenyewe ndio wanaokimbilia utepe, kwa sababu kwenye utepe kuna bahasha, na mgeni rasmi atanunua picha. Hili ni kweli, sitalificha. Lakini tujiulize kwa nini. Mpigapicha wa kujitegemea analipwa kwa picha iliyotoka. Picha inayotoka ni ya utepe. Angekwenda Kunduchi mara tatu nne kwa nauli yake, apate picha ya kuwekwa maktaba, watoto wake wale nini? Tumemjengea zizi halafu tunamcheka kwa kuwa haendi malishoni.

Kulalamika bila kudai ni kupiga kelele, kwa hiyo nadai. Kwanza, jina la mpigapicha liwe chini ya kila picha, na neno Maktaba likome kuwa jina la mtu. Picha ikitoka kwenye hifadhi andikeni nani aliipiga, wapi, mwaka gani. Pili, picha isiingie kwenye hifadhi bila majina ya waliomo na habari yao, na anayetaka kuitumia kwa habari nyingine ampigie simu kwanza aliyeipiga. Simu ya dakika moja ingeokoa heshima ya mama yule. Tatu, mkikata picha, anayeikata amwulize aliyeipiga kipi hakikatwi. Nne, tengeni ukurasa mmoja kwa wiki, mmoja tu, ambao mpigapicha anauleta kwa hoja yake mwenyewe, na muulipe kama mnavyolipa habari. Tano, awemo kwenye kikao cha asubuhi, na aulizwe unatafuta nini, kabla ya kuambiwa gari linaondoka saa tatu.

Hakuna hata moja hapo linalohitaji mfadhili wala semina elekezi.

Na sisi waandishi tuache kujifanya watazamaji. Mimi ndiye niliyesema tafuta maktaba. Jina langu ndilo lililokuwa juu ya picha ile kwa herufi nzito, nikapokea sifa za habari ambayo uso wake haukuwa wa kwangu wala wa habari. Nilikwenda Kunduchi na Mpigapicha Wetu wiki iliyofuata. Alikuwa ameisafisha picha nzima, kubwa, nyundo ndani, kokoto ndani, kiganja mbele. Mama aliitazama muda mrefu, halafu akatuomba twende naye kwenye kikao cha VICOBA tukaieleze. Tukaenda. Nilisimama mbele ya akina mama wapatao ishirini nikasema ni mimi niliyeandika, na huyu ndiye aliyepiga, na hii ndiyo picha kabla hatujaikata. Picha ikapita mkono kwa mkono. Mwenyekiti wao akauliza jina la mpigapicha, akaliandika kwenye kitabu cha kumbukumbu za kikao.

Kwa hiyo jina lake limeandikwa na chama cha wanawake waponda kokoto. Gazeti lake bado.

Najua mtaniuliza, mbona na wewe humtaji? Mnanisuta kwa haki. Nilimwomba ruhusa nimtaje hapa kwa herufi kubwa. Akacheka, akasema ana watoto watatu, na mkataba wake unaisha Desemba, na aliyempa jina la Mpigapicha Wetu ndiye atakayeusaini upya. Fikirini hilo mtakapofungua gazeti kesho, mkashuka chini ya picha hadi kwenye yale maandishi madogo.

Kwa leo niishie hapa. Alamsiki.